Sikio la Tatu

Katika vitu vyote ambavyo mwanamume anaweza kuombwa amtengenezee mama mkwe wake, hakuna kibaya kuliko sikio. Meza ungepima kwa futi. Viatu ungepima kwa kuchora wayo kwenye karatasi. Sikio lazima ulisogelee, ulitazame mbele na nyuma, ulishike, ulikunje kidogo, na mwenyewe yupo palepale anapumua. Fundi wetu alikuwa ametengeneza viungo bandia kwa miaka kumi na minne: mikono, pua, vidole, hata nusu ya shavu la dereva mmoja mcheshi, na mkono wake haukuwahi kutetemeka. Lakini mbele ya mama mkwe alikuwa mtu wa kusalimia huku ameinamisha macho, na macho yaliyoinama hayapimi sikio.

Mama mwenyewe alikuwa mchora vibao vya maduka. Miaka miwili nyuma ugonjwa ulimla sikio la kushoto, na madaktari wakaliondoa ili kuokoa yaliyobaki. Kusikia alisikia vizuri tu, hasa yale asiyotakiwa kuyasikia. Shida ilikuwa miwani. Miwani ina mikono miwili, naye alibaki na mahali pa kuning'iniza mmoja. Aliifunga kwa uzi, uzi ukateleza, na mwezi uliopita herufi za duka la dawa zilianza sawasawa kisha zikashuka mlima. Mwenye duka alicheka. Mama hakucheka. Alirudi nyumbani, akaosha brashi zake zote, akazipandisha juu ya kabati.

Sikio la kwanza Fundi alilichonga kwa kutumia picha za zamani na kwa kumtupia jicho la wizi wakati wa kula. Lilikuja bapa. La pili lilikuwa kubwa kama kifuniko cha birika, na mkewe alipoliona alitoka chumbani haraka akacheke pasipo watu. Mama aliyarudisha yote mawili kwenye boksi kwa adabu.

"Mkwe, nakushukuru," alisema. "Jaribu la tatu. Hilo nalo likikataa tusisumbuane tena. Nitagawa brashi, nikae nyumbani."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyomkosesha Fundi raha. Mama akitania ujue yuko salama. Akisema kwa upole, jambo limemfika.

Hapo ndipo shemeji alipoingilia kati. Huyu alikuwa mdogo wa mke wa Fundi, mtengenezaji wa projekta za kumbi za mikutano, na katika chumba cha nyuma cha karakana yake alikuwa na mtambo ambao ukoo mzima uliuita feni ya mizimu. Lilikuwa bamba jembamba la plastiki lililosimama wima ndani ya kuba la kioo, likizungushwa na mota ya mashine ya kufulia. Projekta iliyokaa chini ilirusha picha kupitia vioo vitatu, kipande baada ya kipande, kila kipande kwa wakati wake, bamba likiwa limegeukia upande wake. Bamba likizunguka mara kumi na tano kwa sekunde, jicho linachoka kuhesabu, linaviunganisha vipande vyote, na unaona kitu kizima kimesimama hewani. Ukizunguka upande wa pili, unaona mgongo wake.

"Shemeji, unaogopa kumtazama mama," alimwambia.

"Siogopi. Namheshimu."

"Haya, wewe mwenye heshima zako. Nitakupa sikio lisilo na mama. Ulizunguke mpaka ushikwe na kizunguzungu."

Jumapili alimzunguka mama yake na kamera ya kupimia, akalichukua sikio zima, lile la kulia. Akaiamuru kompyuta iligeuze kama kioo kinavyogeuza, liwe la kushoto. Jumatatu, kwa kuwa mota ya zamani ilikuwa inanguruma kama mzee mwenye mafua, akafunga nyingine. Kabla ya kumwita Fundi aliujaribu mtambo kwa picha ya mpira, kisha ya yai. Vyote vilitokea safi, vikang'aa. Akaridhika, akawasha sikio.

Siku nne Fundi alichonga nta mbele ya sikio la mwanga, na kusema kweli alilipenda. Alilizunguka, akachuchumaa, akapanda kiti, akalitazama kwa chini kwenye mkunjo ambao hakuna mkwe mwenye akili timamu angeutazama. Aliona ukingo uliojikunja mara moja na nusu, na tundu la hereni lililokuwa limeziba zamani. Hakuna aliyepumua wala kumuuliza habari za kazi. Shemeji alikuwa akipita na kumwambia anazunguka kama mtu anayetaka kununua gari bovu. Fundi aliendelea kuchonga. Kwa mara ya kwanza aliona kazi inakwenda.

Ijumaa asubuhi mama mkwe akaja bila taarifa, miwani imefungwa kwa uzi, kitambaa kimefunika kichwa. Alisimama mlangoni, akalitazama lile sikio linaloelea.

"Hilo ni langu?"

"Ndiyo, Mama," Fundi aliiambia sakafu.

Mama alilizunguka polepole, uso ukifunguka. "Kumbe kwa nyuma liko hivi. Miaka sitini na mbili nalibeba, sijawahi kuliona." Akazunguka tena, akacheka kidogo. Mara akasimama, akainamisha kichwa. "Lakini hili ni la kulia."

"Hapana, Mama," shemeji alidakia kutoka nyuma ya mtambo. "Tuliligeuza."

"Mwanangu, mimi nimeandika kwenye vioo vya maduka nikiwa ndani, herufi kinyumenyume, ili wa nje wasome. Miaka thelathini. Kitu kilichogeuka nakijua nikiwa na usingizi. Hili halijageuka."

Fundi alichukua nta yake, akasimama mbele ya kioo cha ukutani, akaiweka juu ya sikio lake la kushoto. Sikio lilitazama nyuma, kama linamsikiliza mtu anayemfuata.

Shemeji alikuwa ameshalala chini ya mtambo. Sauti yake ilitoka huko ikiwa imepungua maringo. "Mota mpya inazunguka kinyume. Vipande vinatoka kwa mpangilio uleule, bamba linavipokea kutoka upande mwingine. Mimi niligeuza, mota nayo ikageuza."

"Hukujaribu?" mama yake aliuliza.

"Nilijaribu. Mpira na yai."

"Yai lina kulia na kushoto?"

Mama akacheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi. Fundi hakuweza kucheka. Aliiweka nta mezani, na aibu ikamshika kuliko siku ya kuposa.

"Mama, ulisema la tatu ndilo la mwisho. Nimeshindwa. Nisamehe."

Shemeji alizibadilishia mahali nyaya mbili za mota, akawasha upya, na sikio likarudi hewani, sasa la kushoto kweli. Mama alilitazama, akaitazama nta, kisha akamtazama mkwewe.

"Siku nne umelizunguka hili. Hapa chini ni laini kiasi gani?"

Fundi aliligeukia sikio la mwanga. Mwanga hausemi ulaini. "Sijui, Mama. Nilikisia."

"Na mwenye sikio anakaa mtaa wa pili." Alivuta kiti dirishani, akavua kitambaa, akaketi. "Mficha uchi hazai. Njoo ushike."

"Mama..."

"Ile ilikuwa nta, haikuwa sikio. La tatu bado. Shika kabla sijabadili mawazo."

Ghafla shemeji akakumbuka kwamba uani kuna majani ya kufagia. Fundi alinawa mikono mara mbili, akasogea. Sikio lilikuwa na joto, gumu juu, laini chini kuliko alivyokisia. Akalikunja taratibu. Kisha akahamia upande wa kushoto, penye kovu, akapita kidole kwenye ukingo wake.

"Nilidhani utaona vibaya nikikukazia macho," alisema.

"Nami nilidhani unainama kwa sababu kovu langu linakutia kinyaa."

Kidole cha Fundi kilisimama. "Hata siku moja, Mama."

Mama alivuta pumzi ndefu, akaitoa. "Basi pima."

Baada ya siku tisa sikio la mpira laini lilikuwa tayari, umbo lake likiwa limetoka kwenye mwanga na ulaini wake ukiwa umetoka vidoleni. Fundi alilibandika, akakagua ukingo, akarudi nyuma hatua moja. Mama alivaa miwani bila uzi. Akainama, akatikisa kichwa huku na huku. Haikusogea. Fundi alimnyooshea kioo cha mkono, lakini hakukipokea. Alikuwa akimtazama yeye, na safari hii Fundi hakuinamisha uso.

"Kumbe una alama juu ya nyusi, mwanangu," mama alisema. "Miaka tisa tangu umwoe binti yangu, sijaiona. Nani alikuumiza?"

Fundi akavuta kiti, akaanza kumsimulia.