Sharti la Nne

Kwa wakazi wote wa Kambi ya Saba, wachuma chai, wapogoaji, makarani na kuku wao: inatangazwa rasmi kwamba mimi, Kebaso, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nimeteuliwa kuwa Katibu wa Misaada ya Ng'ambo wa kituo cha Sauti ya Kambi ya Saba, kuanzia Agosti 1971 mpaka shule zifunguliwe.

Aliyeniteua alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa ameketi juu ya debe. Kituo chenyewe kilikuwa vipaza sauti viwili vilivyofungwa kwa waya kwenye nguzo ya mkaratusi, maikrofoni iliyovishwa soksi, na betri ya lori lililokufa zamani.

Mtu huyo ni Mzee Mosoti, karani wa mizani ya chai. Kila jioni saa moja alisogeza redio yake ndogo mbele ya maikrofoni ili kambi nzima isikie habari za Nairobi. Kisha aliizima na kusoma habari zetu: ndama aliyepotea, barua ambazo wenyewe hawajachukua, mtoto aliyezaliwa, mtu aliyekufa na saa ambayo gari litaondoka kumpeleka nyumbani Kisii. Upepo ukiwa mzuri alisikika mpaka Kambi ya Kumi, ng'ambo ya bonde.

Sasa betri ilikuwa inakata roho.

"Wewe umesoma Kiingereza mpaka kikakuingia," Mosoti aliniambia. "Andika. Omba meneja, omba misheni, omba hata London. Mtu akiomba vizuri hanyimwi."

Niliandika barua tatu. Meneja alijibu kwamba kampuni hutoa nyumba, unga na maji, na redio haimo. Misheni walituma vitabu kumi na viwili vya nyimbo. Ile ya London sikuituma, kwa sababu sikumjua mtu yeyote London. Niliijibu mwenyewe.

Bwenini kwetu shuleni mimi ni fundi wa kughushi ruhusa za kutoka. Nipe kiazi kitamu na wembe, nitakutolea muhuri ambao askari wa lango ataupigia saluti. Basi niliunda Jumuiya ya Kifalme ya Redio za Vijiji, nikaipa simba wawili na taji. Ilifurahi kupokea ombi letu. Ingetuma mtambo mpya pamoja na injinia, mradi masharti manne yatimizwe. Moja, mawe yote kuzunguka kituo yapakwe chokaa. Mbili, mtangazaji asukutue koo kwa maji ya chumvi kila alfajiri, mara arubaini. Tatu, kituo kiwe na wimbo wake. Nne, kituo kisitumie kifaa chochote cha kuazima.

Hilo la nne sikulifikiria hata kidogo. Karatasi ilikuwa imebaki na nafasi.

Phelix, karani wa barua, alikuwa likizo, kwa hiyo nilimpelekea Mosoti barua mwenyewe na kusema nimepewa ofisini. Aliishika kwa ncha za vidole. Nikamtafsiria. Kesho yake alfajiri nilimsikia nje ya mlango wake, akisukutua, akitema, akihesabu. Alifika arubaini. Nilikuwa nimelala chali nikingoja kucheka. Kicheko hakikuja. Nikafikiri kimechelewa tu.

Wiki hiyo hiyo alikuja Kiptanui, mkulima wa ng'ambo ya mto mwenye ng'ombe wa maziwa na trekta moja. Mara mbili ng'ombe wake walikuwa wamepatikana kwa matangazo ya Mosoti.

"Chamgei, Mosoti. Nasikia redio yako inakohoa."

"Ni betri, mzee mwenzangu."

"Sasa, trekta yangu hailimi jioni. Nikimaliza kazi nakuletea betri na toroli, asubuhi nachukua. Ng'ombe yangu ikipotea wewe unapiga kelele. Basi."

Mosoti aliyatazama mawe yake meupe. "Asante sana, lakini tumekatazwa kuazima. London wamesema."

"London wananijua mimi?"

"Si wewe, mzee. Ni vifaa."

Kiptanui alicheka. "Haya. Huyo injinia akikuja, mwambie aniletee pia spea ya trekta."

Nilikuwa pale pale, nimeshika brashi ya chokaa. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Nilipaka jiwe lingine. Siku mbili baadaye trekta ilikodishwa Sotik kuvuta magogo mpaka mwisho wa mwezi, na betri yake ikaenda nayo.

Ijumaa betri yetu ilikufa katikati ya neno. Mosoti aliendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akasema tungoje injinia.

Jumanne alfajiri alifariki Mellen, mama mzee aliyekaa kambini kwetu na binti yake Bochaberi. Mwanawe, Nyang'au, alikuwa mpogoaji kule Kambi ya Kumi. Mosoti alisimama chini ya nguzo, akaweka mikono mdomoni, akaita. Upepo ukamrudishia sauti yake. Akamwagiza dereva wa trela la chai. Dereva akamwagiza mtu mwingine, na huyo mwingine akadhani Nyang'au ameshajua. Gari la kukodi la kumpeleka marehemu Kisii halingoji. Liliondoka saa nne.

Nyang'au alipata habari siku ya tatu. Mwanamke mmoja alimpa pole njiani, naye akauliza, "Pole ya nini?"

Alikuja kambini kisu cha kupogolea kikiwa bado mkononi. Hakulia. Alitaka kujua ni nani aliyeanza kuchimba kaburi, maana kwa mila jembe la kwanza ni la mtoto wa kiume wa kwanza, naye ndiye.

"Ni jirani wa kule nyumbani," alisema Bochaberi, aliyekuwa amerudi kutoka mazikoni. "Tulikungoja, ndugu yangu."

"Jirani gani?"

Akatajiwa. Akaketi, akala alichopewa, akaondoka.

Baba yangu alizikwa Jumanne moja ya Februari. Mimi niliambiwa Alhamisi, ofisini kwa mwalimu mkuu, pamoja na kikombe cha chai. Ilikuwa na sukari nyingi. Nilirudi darasani tukamalizia mito ya Amerika.

Jumamosi Phelix alirudi kutoka likizo. Mosoti alimwita nyumbani kwake wasaidiane kuwaharakisha London. Mimi nilikuwa nimeshawekewa kalamu na karatasi. Phelix akaigeuza bahasha, akaigeuza tena.

"Mzee, hii ilipitia wapi?"

"Si ofisini kwako?"

"Ofisini kwangu? Stempu ya posta haina. Halafu hii wino ni ya kidau changu, ile ya zambarau." Akanitazama. "Kijana, nani alikupa?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja una padre na pikipiki. Nilifungua mdomo nichague.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ulipewa," Mosoti alinisahihisha.

"Hapana, mzee. Mimi niliiandika. Muhuri ni kiazi."

Phelix alianza kucheka, akaacha.

Mosoti aliichukua barua, akaikunja mikunjo ile ile iliyokuwa nayo. "Hata ile ya chumvi?"

"Hata ya chumvi."

"Mara arubaini."

"Ndiyo, mzee."

"Na hii ya kuazima, uliitoa wapi?"

"Nafasi ilikuwa imebaki."

Nilingoja kofi. Lingenisaidia. Yeye alichukua koti lake kwenye msumari. "Kesho tutaenda kwa Kiptanui. Utamwambia mwenyewe, halafu tumwombe betri ikirudi kutoka Sotik. Akikataa, ana haki. Leo twende Kambi ya Kumi."

Njiani nilitunga hotuba yenye utangulizi, sababu na hitimisho. Tulimkuta Nyang'au kati ya mistari ya chai iliyokatwa ikabaki vijiti usawa wa goti. Mosoti alisimama kando, akaniachia njia. Hotuba sikuiona tena.

"Mzee Nyang'au," nikasema, "tangazo la mama halikukufikia kwa sababu yangu. Betri ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeizuia, kwa mchezo."

Alifuta kisu kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili.

"Mchezo gani?"

Nikamweleza wote.