Alama Mgongoni mwa Osea

Jumamosi asubuhi, katika foleni ya malori yanayotoka Zambia kuingia Tunduma, dereva Osea alikuwa amechuchumaa nyuma ya trela lake akibandua alama za hatari kwa kisu cha kumenyea viazi na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Trela lilibeba mapipa ya asidi, mali ya kiwanda cha magari kule Pwani, ya kutiwa kwenye betri. Alama zenyewe zilikuwa za pembe nne, zimesimama kwa ncha, juu nyeupe, chini nyeusi, na mchoro wa tone linalotoboa mkono wa mtu. Gari lenye alama hizo hupelekwa yadi ya peke yake nje ya mji, likakae huko mpaka lipate wa kulisindikiza. Gari lisilo nazo hupita.

Tajiri yake, Zabron, alikuwa ameshampigia simu. "Toa hizo picha," alimwambia. "Sisi tumebeba sabuni."

Osea hakubishana. Siku nyingine angebishana, maana mdomo anao, lakini kesho yake mjukuu wake wa kwanza alikuwa anabatizwa kijijini kwao Isansa, na binti yake Nesta alikuwa ameshamwambia mchungaji kwamba babu ndiye atakayempeleka mtoto mbele. Kwa ajili ya mtoto huyo Osea angebandua hata rangi ya gari. Roho yake ilikuwa imeshatangulia nyumbani. Mwili ukikaa haukai, ukisimama hausimami.

Alama ya mwisho ilipotoka, mgongo ukaanza kumwasha. Akavua shati na kumwomba Lucky, dereva wa lori la nyuma yake, amtazame. Lucky alikuwa anapiga mswaki. Akasukutua kwanza, akatema, ndipo akatazama.

"Imehamia kwako," akasema. "Tena imekaa vizuri, hata pembe hazijajikunja."

Osea alijaribu mafuta ya taa, akajaribu na sabuni ya kufulia. Wapi. Akampigia tajiri kumweleza, na tajiri akafurahi, kwa kuwa gari lilikuwa safi na alama haikupotea. Alimwonya tu asivue shati ovyo mbele za watu.

Shati nalo halikufua dafu. Ule weusi na ule weupe vilipenya kitambaa. Getini lori liliruhusiwa bila swali, ila mlinzi alimzuia Osea na kumtaka akangoje kwenye yadi ya mizigo ya hatari, na ilibidi abembeleze sana mpaka akaachiwa, kwa sharti la kufungua madirisha yote. Alipofika Mlowo, mama lishe Ferista, aliyemlisha tangu alipoanza udereva, alimwekea wali wake juu ya tairi bovu ng'ambo ya barabara. Alimwongezea maharage na kumpa pole. Osea alikuwa anakula huko aliko alipoona kona ya trela inadondosha kitu. Akapanda, akakuta pipa limelegea kifuniko, akalikaza kwa kipande cha mpira na kujiambia kwamba itatosha mpaka kesho.

Jumapili aliegesha lori kando ya ukuta wa kanisa, akavaa shati la sikukuu. Mzee wa kanisa, Jairo, alimpokea mlangoni, akamuuliza habari za safari na za afya, akamgeuza taratibu na kumwangalia mgongo. Kisha akamshika mkono kwa heshima, akampeleka mwisho wa uwanja, kwenye mibuni, akamzungushia duara la mawe. Hakuna aliyemtukana. Nesta alilia kidogo, halafu akamkabidhi mtoto kwa Jairo. Kutoka kwenye mawe yake Osea alisikia wimbo, akasikia mtoto akilia maji yalipomgusa, na kilio kile kilimchoma. Aliumia kweli, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Ibada ilipokwisha jua lilikuwa kali. Wanawake wakatandika mikeka kwenye kivuli cha trela, na Ketrina, mkewe Osea, akakaa kwenye kona akiwa amempakata mtoto. Osea aliona tone likianguka ukingoni mwa mkeka, na pale lilipoangukia ukindu ukageuka mweusi.

"Ketrina, tokeni hapo," akaita. "Mzigo unavuja. Ni asidi hiyo."

Ketrina akainua uso. Hakuwa na hasira.

"Baba Nesta, gari halina alama," akamjibu. "Alama unayo wewe."

Osea akavua shati, akaruka mawe, akaenda moja kwa moja kwenye trela. Watu walipomwona anakuja walikusanya mikeka, sahani na mtoto, bila haraka wala kelele, wakahamia upande wa pili wa kanisa. Yeye akasimama pale kwenye kona, akawapa mgongo ili alama ionekane vizuri. Akasimama hivyo mpaka vyombo vikaoshwa. Ketrina alimwinua mtoto juu kwa mbali ili babu yake amwone, akamshikilia hewani mpaka mikono ikachoka, lakini Osea alikuwa anatazama turubai la trela.

Tajiri aliposikia habari hiyo alibandua alama kwenye malori yake yote, kwa kuwa ilikuwa imeonekana wazi kwamba mgongo wa dereva unatosha. Siku hizi madereva wake huvua mashati kila wanapoegesha, na mama lishe wamezoea kuwawekea chakula mbali.

Mwaka uliofuata Osea alipita tena Isansa. Mjukuu wake alikuwa ameshajua kutembea. Alimwona babu yake amesimama mgongo wazi kando ya trela, akageuka mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, akaelekea upande wa pili wa kanisa.