Mkebe wa Nyawawa

Mchezo wenyewe Scovia aliuona wa kitoto tangu mwanzo. Mumewe, Maroa, alikuwa ameficha mikebe mitatu kando ya barabara, kutoka Suna mpaka Mbita, akaonyesha kwenye mtandao mahali kila mmoja ulipo, na watu wasiomjua wakaja kuisaka. Mtu akiupata mkebe, anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo na kuurudisha. Zawadi hakuna. Kila mkebe aliupa jina la hadithini: wa kwanza Apul-Apul, zimwi lisiloshiba, wa pili nyoka mkubwa wa ziwani, wa tatu Nyawawa, mizuka ya wafu inayopita na upepo.

"Huo wa Nyawawa nimekuandikia wewe ndani," Maroa alimwambia. "Twende ukautafute."

"Mimi niko na nguo za kufua."

Mwaka mzima nguo hazikuisha. Mwezi wa pili mwaka huu Maroa akafa, na sasa nguo za kufua zilikuwa chache mno.

Ndiyo maana Jumapili hii Scovia alitoka peke yake, simu ya marehemu mkononi. Mkebe wa Apul-Apul ulikuwa umefukiwa na tingatinga la watengeneza barabara. Ule wa nyoka, karibu na Homa Bay, aliukuta umejaa maji, karatasi imekuwa uji. Hakulia. Alijiambia kwamba wa tatu ndio wake, hiyo mingine ni ya wageni.

Bodaboda ilimshusha nje kidogo ya Mbita saa kumi na moja jioni, penye rundo la mawe kando ya ua wa minyaa. Simu ilisema ni hapo. Aligeuza jiwe baada ya jiwe mpaka kucha zikavunjika.

"Nyara, binti yangu, unatafuta nini kwa boma yangu?"

Aliyeuliza alikuwa mama mzee, Marcella. Alipoelezwa hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na mkebe wa maziwa ya unga uliobonyea pande zote, akampa.

"Hii niliokota hapo mwaka jana. Mimi hufukuza nayo Nyawawa. Iko na sauti kushinda sufuria."

"Na karatasi, mama?"

Marcella alifikiri kidogo. "Ilikuwa na maandishi mingi. Mimi sijui kusoma, nyara. Niliwasha nayo jiko. Pole."

Scovia aliketi juu ya jiwe akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa. Alilia kwa ajili ya karatasi ile, na zaidi kwa ajili ya nguo alizokuwa akifua. Marcella alimwacha alie, akamletea chai.

Jua likiwa linashuka, upepo ulianza kuvuma, ukiwa na sauti kama ya watu wanaoongea mbali. Boma la kwanza likagonga bati. La pili likaitikia. Punde kila nyumba ilikuwa inapiga sufuria na madebe, ikiwaambia wafu wapite tu, waende zao ziwani, wasisimame hapa.

Marcella naye alipiga sufuria yake kwa mwiko. "Piga, nyara! Usipopiga, watasimama kwako!"

Scovia hakupiga. Aliufungua mkebe, akaupakata. Kisha akasogea pembeni juu ya lile jiwe, akaacha nafasi ya mtu mmoja.