Klachi Iliyomlilia Mkwe Wangu

Gari letu lilianza kupiga kelele kama panya aliyebanwa mlangoni, na mkwe wangu akaamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi saa nne. Tatizo ni kwamba binti yangu, mkewe, hulitumia kupeleka mikate madukani. Likiuzwa, tanuri lake litabaki la kulaza paka.

"Nikiliendesha mimi halilii hivyo," binti akasema. "Linakwaruza kidogo nikibadili gia, basi."

"Wewe unawasha redio," mumewe akamjibu.

Ijumaa asubuhi tukalipeleka kwa fundi. Wanamwita Sikio, maana huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama anayeambiwa siri. Siku hiyo hakuambiwa kitu. Akaliendesha mwenyewe mpaka njia panda na kurudi: mkwaruzo mdogo kwenye gia, kisha kimya. Mkwe akashika usukani, mimi nikakaa mbele kwa ajili ya magoti yangu, fundi nyuma. Hata kona hatujafika, panya huyo, analia mfululizo.

"Bosi, gari limekuchukia," fundi akasema.

"Ndiyo maana naliuza."

Mimi sina haraka, hutazama. Nikashusha macho, nikaona kiatu cha mkwe, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa, kimejilaza juu ya pedali ya klachi kama mgeni kwenye kochi. Barabara imenyooka, gia habadilishi, mguu upo tu.

Sasa utamwambiaje mkweo kwamba mwenye kosa ni mguu wake? Nikaacha tupite maduka mawili.

"Baba," nikamwita mkwe, "mguu wa kushoto unakuuma?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Nauona umepumzika."

Akautazama. Akauinua. Kimya. Akaushusha, panya akalia. Akauinua tena. Kule nyuma fundi akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Kisha akatueleza: ndani mna beringi inayofanya kazi pale tu pedali inapokanyagwa. Huyu bwana ameitumikisha safari nzima, kila siku, mpaka ikakauka grisi. Mchana akashusha giaboksi, akaitoa hiyo beringi; ukiizungusha kwa kidole, inasaga kama imejaa mchanga. Akaweka mpya. Jioni tukarudi bila kilio cha panya, mkwe ameukunja mguu wa kushoto chini ya kiti mpaka nikamhurumia.

Jumamosi saa nne mnunuzi akabisha hodi.

"Samahani, ndugu yangu, haliuzwi tena," mkwe akamwambia. "Tatizo lilikuwa dereva."

"Dereva gani?"

Mkwe akanitazama. Binti yangu akageukia tanuri lake, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Alikuwepo mmoja," nikajibu mimi. "Mtu mzuri tu. Tunaendelea naye."