Dhiraa za Nadra

Niliipindua kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anavyomgeuza mgonjwa kitandani, na kabla sijaviona vyuma vyake vya chini vidole vyangu vilikwishaigusa mikato. Ilikuwa ukingoni mwa kitako cha mbao, imefuatana kama vipandio vya ngazi. Nikaihesabu bila ya kuitazama. Kumi na moja.

"Imekufa, Sheikh?" aliuliza Bi Tabia, mwenye nyumba.

Nilikuwa Matemwe, katika ukumbi wa nyumba nisiyowahi kuiingia, na mbele yangu ilikuwapo cherehani ya marehemu mke wangu, niliyoitafuta kwa miaka tisa.

Hamda alikuwa akiwashonea watu pale nyumbani kwetu Mji Mkongwe, katika chumba cha juu kinachotazama uchochoro. Kila Idi ilipokaribia alimwita Nadra, binti yetu wa pekee, akamlaza mkono juu ya kitako kile, kiwiko kikagota pembeni, na pale ilipofika ncha ya kidole cha kati akatia mkato kwa kisu. Hiyo ndiyo ikawa dhiraa ya mwaka ule, na kwayo akapimia mikono ya gauni. Mimi nilipita na vitabu vyangu kwapani, nikaona mbao nzuri inaharibiwa.

Alipofariki, Nadra alikuwa Maskati kwa mumewe, na safari yake ikachelewa. Siku ya tatu, baada ya hitma, nikaitoa cherehani sadaka. Nilitaka thawabu zimfikie Hamda upesi. Na nilitaka zaidi, leo nakiri, kisibaki chumbani kitu kilichonyamaza namna ile. Nikampa mzee mwenzangu wa msikitini ampelekee mwanamke yeyote asiye na kitu, nikamkataza asinitajie jina, ili sadaka iwe ya siri. Nadra alifika siku ya nne. Hata baibui hakuvua.

"Cherehani ya Mama iko wapi?"

"Nimeitoa sadaka, mwanangu."

"Kwa idhini ya nani, Baba? Si wewe unayesomesha mirathi?"

Miaka ishirini nilisomesha mirathi baina ya magharibi na isha. Nilijua kwamba mali ya maiti haitolewi na mrithi mmoja, kwamba robo tu ndiyo iliyokuwa yangu, na kwamba fungu kubwa lilikuwa la Nadra. Mwanafunzi wangu wa mwisho kabisa alilijua hilo. Baada ya wiki alirejea Maskati, na tangu hapo hunipigia simu siku za Idi tu. Huniuliza afya, huniombea kheri, hukata.

Nilipopata ujasiri wa kumwendea yule mzee, naye alikuwa amekwishatangulia. Ndipo nikajifunza ufundi, na umri wangu umepindukia sitini. Fundi hufunguliwa milango ambayo mgeni hafunguliwi, na hakuna anayeshangaa akiipindua cherehani ya watu akaichungulia tumbo. Nilinunua mbovu, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikazichokonoa vumbi la nyuzi kwa unyoya wa kuku, nikazitia mafuta mepesi tone kwa tone, nikazizungusha mpaka zikalainika. Chumba cha juu kikajaa. Kila moja nilipoizungusha ilitoa sauti yake, na kila moja ilikuwa mgeni.

"Sheikh Zahran," alinitania Talib, muuza vyuma chakavu wa Mpendae, "wewe hutafuti cherehani. Wewe unatafuta mchumba, unaona haya kusema."

Ni huyo Talib aliyenambia kuwa kuna mshonaji Matemwe, cherehani yake ya zamani imegoma. Nikakodi gari, nikachukua na cherehani nyengine niliyokwishaitengeneza, kama nilivyochukua kila safari, kwa sababu nilikwishaamua: siku nitakayoipata ya Hamda, nitabadilisha.

Nikafungua kibati cha sindano. Ndani mlikuwa mmeganda utando wa manjano, mgumu kama gundi.

"Bi Tabia, umeitia nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Hii cherehani au samaki wa kupaka?"

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Ilikula tulichokula, Sheikh. Siku za mwanzo hata hayo tuliyagawana nayo. Hiyo ndiyo iliyonilelea wanangu watatu."

Nilifanya kazi tangu adhuhuri. Utando ulipoyeyuka nikakausha, nikatia mafuta yanayofaa, nikazungusha mkono wa cherehani. Ikaitika. Nilikuwa nimeisahau sauti ile, ule mkwaruzo mdogo kila mzunguko unapokamilika, na ilibidi niinamishe kichwa kana kwamba natafuta skrubu.

Kisha nikamweleza yote. Nilidhani nitamweleza kwa upole, yakanitoka kwa mkupuo. Bi Tabia alisikiliza bila ya kunikata, na nilipomaliza akaondoa kitambaa cha sare ya madrasa alichokuwa amekiweka chini ya sindano ajaribie, akakikunja, akakiweka pembeni.

"Basi nshonee watoto wa chuo kwa chombo cha watu?" alisema polepole. "Miaka tisa? Ichukue, Sheikh. Sitoshona tena hata pindo, mpaka mwenyewe aseme."

"Nimekuletea nyengine badala yake."

"Hiyo nyengine itanishonea ya kesho. Niliyokwishashona nani atanihalalishia?"

Jawabu hilo halikuwa langu kulitoa. Nikapiga simu Maskati, siku isiyokuwa ya Idi.

"Baba? Kuna nini?"

"Nimeipata."

Hakuuliza nini. Nilisikia mlango ukifungwa kwake, kelele za watoto zikapungua.

"Mikato ipo?"

"Ipo. Yote."

Nikamweleza juu ya Bi Tabia, wanawe watatu, na sare iliyokunjwa. Nikamwambia: ukisema niilete, nitaileta kwa mkono wangu.

"Mwambie ashone," alisema. "Nimemhalalishia. Ya nyuma na ya mbele. Asione uzito."

"Nadra, mwanangu…"

"Nimemhalalishia yeye, Baba."

Simu ikakatika.

Bi Tabia alilia, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina. Nilipotoka nje na ile cherehani yangu ya kubadilisha, niliiacha mashine ya Hamda ikizunguka nyuma yangu. Ilikuwa inaadhiniwa alasiri. Katika msikiti mdogo wa pale watu waliziona mvi zangu na kilemba changu, wakafungua njia, wakanishika mkono wanitangulize mihrabuni.

"Sheikh, tusalishe."

Nikawashukuru. Nikarudi nyuma, nikapita safu ya kwanza na ya pili, nikasimama pembeni karibu na viatu, pale palipobaki nafasi ya mtu mmoja.