Ekzosi Kwenye Msumari

Kaka alipoleta pikipiki yake mpya gereji kwangu, nilimcheka.

"Umenunua pikipiki au cherehani?"

"Cheka tu, fundi. Kazi yako ni kunitoa aibu."

Kweli ilikuwa nzito kuondoka. Sheria ya moshi iliwalazimu wenye kiwanda kuweka kichujio ndani ya ekzosi, lile bomba la moshi, na kuibana injini. Ili bei isipande, wakapunguza kwingine: chuma chembamba, springi laini, na breki ya mbele wakaondoa diski, wakarudisha ile ya zamani ya ndani ya gurudumu. Kwa mwendo ule mdogo, breki ile ilitosha. Nililijua hilo kabla sijashika spana.

Nikamfungia ekzosi isiyo na kichujio, nikailegeza kabureta ili injini ipate mwendo. Ikanguruma mpaka wauza matunda wa ng'ambo wakageuka.

"Na breki?" kaka akauliza.

"Wiki ijayo. Kwanza isikike."

Ekzosi ya kiwandani niliitundika kwenye msumari, nikaiandika kwa chaki: KAKA. Sisi mafundi ndivyo tunavyofanya. Siku ya ukaguzi unairudisha, mkaguzi anapima moshi, jioni unaitundika tena. Kaka alipita vizuri. Mkaguzi alimsifu kwa kutunza chombo, nasi tukacheka njia nzima.

Ile wiki ijayo ya breki haikufika. Kaka alifariki saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, nyuma ya lori lililosimama ghafla. Aliyeshuhudia alisema breki aliishika mpaka mwisho, pikipiki ikaendelea tu.

Msibani jirani mmoja alisema, "Hawa wenye viwanda wanabana matumizi mpaka wanatuua." Niliitikia. Sauti yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Wiki ya tatu shemeji, mke wa kaka, alikuja gereji na karatasi. Kulikuwa na familia nyingine zinazokishtaki kiwanda kwa breki hizo hizo.

"Wewe ndiye fundi wake, shemeji. Andika kwamba pikipiki ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani. Basi."

"Kaa kwanza."

"Nimekaa wiki tatu."

Alinipa kalamu. Nikaishika, nikaweka karatasi sawa juu ya meza, nikafika hadi kuandika tarehe. Chaki kwenye ekzosi pale ukutani ilikuwa bado inasomeka. Nikainuka, nikaitoa ekzosi kwenye msumari, nikaiweka kando ya karatasi.

"Hii ndiyo iliyotoka kiwandani."

Aliisoma ile KAKA. "Na ile aliyokufa nayo?"

"Niliifunga mimi. Breki nikaiacha vile vile."

"Alikuomba?"

"Mwendo aliuomba. Breki aliniuliza. Nikamwambia wiki ijayo."

Hakulia. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Kisha akaibeba ekzosi kifuani, masizi yakamchafulia gauni, naye hakujali.

"Watoto wamesimuliwa habari za kiwanda," alisema mlangoni. "Kesho wanashinda nyumbani. Njoo uwaambie mwenyewe, maana mimi sitakusemea."

Nilikwenda. Mtoto mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kufunga breki ya diski huchukua muda gani.

"Siku moja," nikamjibu.