Fremu ya Kupimiwa

Mke wangu ni fundi cherehani, mimi ni seremala, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayemdanganya mwenzake kuhusu inchi. Hata hivyo, aliponiambia anataka kutengenezewa baiskeli ya kupimiwa, nilicheka mpaka randa ikanitoka mkononi.

"Baiskeli ni baiskeli," nikamwambia. "Kwa bei ya kupimiwa moja unapata tatu za dukani, na moja unampa mama yako aanikie nguo."

"Wewe unaweza kumuuzia mteja kabati lisilopita mlangoni kwake?"

"Kabati halina mgongo."

"Mimi ninao," akasema, "na unaniuma."

Kwa miaka kumi na tano alikuwa akipelekea wateja sare za shule kwa baiskeli ya dukani iliyomzidi kimo, na kila jioni mimi ndiye niliyemkanda kiuno kwa mafuta. Nikasema haya, nenda.

Mtengenezaji alikuwa mzee mmoja mkimya, karakana yake ipo nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Watu walimwita Milimita. Mke wangu alikwenda kupimwa peke yake Jumanne mchana, akarudi amefurahi: mzee kampima mikono, miguu, mabega, mpaka urefu wa kiganja. "Leo fundi kampata fundi," akasema. Wiki sita baadaye tukaenda pamoja kuichukua.

Ilikuwa imeegemezwa ukutani, kijani kilichokolea, maungio ya bomba yamechomelewa laini hata ukipitisha kidole hukuti kovu. Kazi safi, siwezi kuikataa. Lakini ilikuwa kubwa. Mke wangu ananifika begani, na mimi mwenyewe si mrefu. Baiskeli ile ilikuwa ya mtu anayefuta vumbi juu ya kabati bila kupanda kiti.

"Mzee, hapa umepotea," nikasema.

Milimita aliisimamisha baiskeli. Alimshikia mke wangu usukani, naye akapanda. Nilikuwa nimeshajiandaa kumdaka. Pedali ikashuka hadi chini kabisa, na mguu wake ukaifuata bila kujinyoosha. Akazunguka uwanja mara mbili, mgongo wima, akasema, "Kama gauni nililojishonea."

Aliposhuka aliomba karatasi ya vipimo, kama fundi anavyotaka kuona kazi ya mwenzake. Akaisoma. Kisha akairudia.

"Hivi si vyangu."

"Ni vyako, mama. Nimekupima kwa mikono yangu hii."

"Mguu wangu kwa ndani ni inchi ishirini na saba. Hapa umeandika thelathini na mbili. Na mkono wa kushoto umeupunguza nusu inchi kuliko wa kulia."

"Nilidhani nimekosea, nikarudia kupima. Ukacheka, ukaniambia huo wa kushoto haunyooki vizuri, uliuvunja ukiwa mtoto."

"Sikusema hivyo," mke wangu akasema taratibu.

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kufuta mikono kwa tambara ingawa haikuwa michafu. "Ulisema," akajibu.

Njiani hakupanda. Aliikokota, mimi nikiwa upande wa pili. Tulipofika nusu ya safari akaniambia vipimo vile anavijua kwa kichwa. Alishawahi kuvishonea sare, akavishonea na gauni la harusi. Ni vya mdogo wake.

Shemeji yangu huyo, ambaye nyumbani kwao walimwita Twiga, alifariki miaka minane iliyopita kwa homa, siku nne tu kitandani. Mkono aliuvunja akiwa na miaka saba, alipoanguka kutoka kwenye keria ya baiskeli. Aliyekuwa akiendesha ni mke wangu. Mama yao hakuwahi kumgombeza kwa jambo lile, hata neno moja, na ukimya huo ndio uliomkaa mke wangu rohoni.

Kesho yake asubuhi nilichukua tepu yangu ya chuma, si ile yake ya kitambaa inayovutika, nikamsimamisha uani. Mguu, ishirini na saba. Mikono, ishirini na moja, yote miwili. Nikamwambia apande, nikaibana baiskeli kwa mapaja. Mguu, thelathini na mbili. Mkono wa kulia, ishirini na nne. Wa kushoto, ishirini na tatu na nusu. Sikuona kitu kikirefuka. Nilichokiona ni mikono ya mke wangu, kovu lake la pasi likiwa pale pale. Namba tu ndizo zilizokataa. Nikamshusha, nikapima tena: ishirini na saba. Nikaitia tepu mfukoni, na siku ile kazini nilikata mbao tatu, zote fupi.

"Tuirudishe," nikamwambia.

"Mgongo hauniumi," akasema.

Na kweli, ulipona. Ndani ya wiki mbili nilisahau hata chupa ya mafuta iko wapi. Ila alikuwa akipiga mluzi akiendesha, na mke wangu hajui kupiga mluzi.

Jumatano moja alasiri alikuwa anampelekea mama yake nguo alizomshonea. Nikamfuata nyuma kwa baiskeli yangu kuukuu. Mama mkwe wangu hajachanganyikiwa hata kidogo. Anasoma bila miwani, na akikusahihisha unasahihishika. Alikuwa kibarazani anachambua mchele. Kengele ya baiskeli ilipolia hakuinua uso.

"Twiga," akasema, "leo umekawia."

Nilishika breki. Mke wangu alikuwa ameweka mguu mmoja chini, bado yuko juu ya baiskeli. Nikangoja amsahihishe mama yake.

"Upepo, mama," akajibu. Sauti ilikuwa yake. Namna ya kuyavuta maneno haikuwa yake.

"Na mkono?"

"Ulipona zamani. Dada hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeachia keria, nilitaka kumpungia rafiki yangu."

Mama mkwe akauweka ungo chini. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Ndipo mke wangu akashuka. Akakaa vumbini pale pale. Mama yake akamtazama kama mtu aliyeingia sasa hivi.

"Na wewe umefika saa ngapi?" akamwuliza. "Umepishana na mdogo wako."

Mke wangu alilia njia nzima. Habari ya kuachia keria hakuwahi kuijua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Tukaitundika baiskeli karakanani kwangu, juu kabisa, nyuma ya mbao. Ilikaa huko mwezi mmoja. Mgongo ukarudi kuuma, na mama mkwe akatuma watu kuuliza mbona siku hizi anakuja mkubwa tu. Mara ya tatu alipouliza, mke wangu aliniletea ngazi mwenyewe.

Watu huniuliza kama fremu ya kupimiwa inastahili bei yake. Nawaambia mgongo wa mke wangu umepona, nami nimepumzika kukanda. Mengine siwaambii. Kila Jumatano anakwenda, anakaa juu ya baiskeli kando ya mama yake kama saa moja, wanacheka. Mimi nasubiri langoni. Akitoka na kushuka, kabla hajanisogelea, namwita kwa jina lake. Mwanzoni alikuwa akiitika papo hapo. Wiki iliyopita nilimwita mara tatu.